Uchunguzi wa Kisayansi na Neno la Mwalimu: Mafundisho ya Mpigo wa Gofu katika Nyanda za Kati

I. Maneno ya Mwanzo

Neno gofu lina maana mbili katika Kiswahili. Ya kale ni gofu la nyumba, yaani jengo lililobomoka likabaki kuta tupu. Wingi wake ni magofu, kama magofu ya Kilwa Kisiwani, na hata mtu aliyekonda mno kwa maradhi huitwa gofu la mtu. Ya pili ni jina la mchezo uliotoka Uskochi, ambao mchezaji hupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka autie shimoni, na mshindi ni yule aliyetumia mapigo machache. Maneno haya mawili hayana udugu ila wa sauti, na kinachoyatenga ni upatanisho wa sarufi: gofu la kwanza limebomoka, gofu ya pili inachezwa.

Jina hilo la mchezo liliingia katika lugha peke yake. Maneno ya kuufundishia hayakufuatana nalo. Kwa muda mrefu upungufu huo haukuonekana, kwa sababu wengi wa wenyeji wa Afrika Mashariki walioujua mchezo huu hawakufundishwa kwa maneno. Walikuwa vijana waliobeba mifuko ya fimbo za wachezaji. Walitazama, wakaiga kwa fimbo za kuazima, na baadhi yao wakawa wachezaji wa kulipwa. Shule yao ilikuwa macho, na mwalimu wao hakujua kuwa anafundisha.

Pale mafundisho rasmi yanapoanza, hali hubadilika. Mwalimu husimama mbele ya mwanafunzi na kumweleza, na yale anayoyaeleza siku hizi yanatoka, kwa sehemu kubwa, katika uchunguzi wa kisayansi: vipimo vya mwendo, picha za haraka, hesabu za nguvu na majaribio ya namna watu wajifunzavyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa kazi ya uchunguzi huo katika mafundisho si kumjaza mwanafunzi elimu ya nguvu na mwendo. Kazi yake ni kumsahihisha mwalimu, kisha kumpa njia ya kulifupisha jambo liwe neno moja au mawili ambayo mwanafunzi aweza kuyachukua katika robo ya sekunde. Maadam neno hilo ni la Kiswahili, swala hili ni la wachunguzi wa lugha kama lilivyo la walimu wa michezo.

Dodoma na nyanda za kati zinafaa kuwa mahali pa kulitazama swala hili. Mchezo huu haujaenea huko kama ulivyoenea Nairobi au Arusha, na kwa hiyo atakayefundisha huko ataanza na watu wasioujua. Tena mji wenyewe, ulioteuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973 na kuanza kuipokea serikali kwa wingi tangu mwaka 2016, unakusanya watu wa kila upande ambao lugha yao ya pamoja ni Kiswahili, huku wenyeji wa eneo hilo wakiwa na Kigogo, Kirangi, Kinyaturu au Kisandawe kuwa lugha ya nyumbani. Mwalimu huko hana lugha nyingine ya kuwafikia wote.

II. Yale Sayansi Iliyoyaona

Uchunguzi wa mchezo huu ulianza na mpira kabla ya kumfikia mchezaji. Peter Guthrie Tait, profesa wa elimu ya maumbile katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, alionyesha katika miaka ya 1890 kwamba mpira wa gofu hauendi mbali kwa nguvu ya pigo tu. Fimbo huuzungusha mpira kinyumenyume, na mzunguko huo huufanya hewa iubebe, ukakaa juu muda mrefu kuliko jiwe lililorushwa kwa mwendo uleule. Mwanawe, Frederick Tait, alikuwa bingwa wa Uingereza wa wachezaji wa ridhaa mwaka 1896 na tena mwaka 1898. Ubingwa huo haukuhitaji hesabu za baba yake, na hesabu zile hazikuhitaji ubingwa wa mwana. Hapo mwanzoni kabisa laonekana jambo ambalo walimu wengi wamelisahau baadaye, yaani kujua sababu ya jambo na kuweza kulitenda ni elimu mbili.

Baada ya mpira ilikuja zamu ya mchezaji. Mwaka 1938 Harold Edgerton, wa Chuo cha Ufundi cha Massachusetts huko Marekani, alipiga picha za wachezaji mashuhuri kwa mwanga wa kumulikamulika, hata fimbo moja ikaonekana katika picha moja mara nyingi, kila mahali ilipopita. Jicho la mwalimu, ambalo kwa karne nyingi lilikuwa hakimu wa pekee, likapata kipimo cha kulipima.

Uchunguzi mpana zaidi ulifanywa Uingereza katika miaka ya 1960, na matokeo yake yakatolewa katika kitabu cha Alastair Cochran na John Stobbs mwaka 1968. Wachunguzi hao waliueleza mpigo mzima kwa mfano wa vyuma viwili vilivyoungwa kwa bawaba. Chuma cha juu ni mabega na mikono, nacho huzunguka mahali pamoja penye sehemu ya juu ya kifua. Chuma cha chini ni fimbo. Bawaba ni vifundo vya mikono. Chuma cha juu huanza kushuka na kukivuta cha chini. Cha chini kinapofunguka, cha juu hupunguza mwendo wake, na mwendo huo huhamia katika fimbo. Mchezaji mwanamume wa kulipwa wa daraja la juu hukifikisha kichwa cha fimbo kwenye mwendo wa mita 50 hivi kwa sekunde, na mpira, ambao uzito wake hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93, huondoka kwa mwendo wa mita 75 hivi kwa sekunde.

Hesabu za muda ndizo zenye maana kubwa kwa mafundisho. Kuishusha fimbo toka juu mpaka kwenye mpira huchukua robo ya sekunde hivi. Mpira hukaa kwenye uso wa fimbo kwa nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Lakini mtu, tangu aone au ahisi jambo mpaka mwili wake uanze kulijibu, huhitaji sehemu moja ya tano ya sekunde. Kwa hiyo mchezaji anayehisi kosa katikati ya kuishusha fimbo amekwisha kuchelewa, na pigo lenyewe humalizika kabla hajalihisi. Asemapo kuwa alifanya hili au lile wakati wa kuupiga mpira, anasimulia jambo asiloweza kulitawala. Lile linaloweza kufundishwa ni maandalio na nia ya mwendo. Mgusano wenyewe haufundishiki.

III. Kosa la Walimu Lililosahihishwa

Faida ya kwanza ya uchunguzi ni kwamba humsahihisha mwalimu mahali ambapo jicho lake haliwezi kumsahihisha. Mfano mmoja watosha.

Kwa miaka mingi walimu wengi walifundisha kuwa mpira huanza safari kwa kuifuata njia ya fimbo, kisha hupinda kuelekea kule uso wa fimbo ulikotazama. Mafundisho hayo yalikuwa na sura ya akili. Mchezaji aliyetaka mpira uuzunguke mti, tuseme mbuyu uliosimama kati yake na bendera, aliambiwa auelekeze uso wa fimbo kwenye bendera na kuipitisha fimbo kwa kuelekea kando ya mti. Mpira, kwa kanuni hiyo, ungetoka kando, ukaupita mti, ukarudi kwenye bendera.

Wachunguzi wa miaka ya 1960 walikwisha kuona kuwa sivyo, na vipimo vya rada vilivyoenea katika miaka ya 2000 viliondoa shaka. Mpira huanza safari karibu na kule uso wa fimbo ulikotazama. Sehemu ya robo tatu au zaidi ya mwelekeo wake wa kwanza hutoka katika uso, na iliyobaki katika njia. Kisha hupinda kwa kuikimbia njia ya fimbo. Mchezaji aliyetii kanuni ya zamani aliuelekeza mpira kwenye mbuyu uleule aliotaka kuukwepa. Walakini wachezaji hodari waliupita mti. Waliupita kwa sababu mikono yao ilikuwa imejifunza kutokana na makosa kutenda kinyume cha maneno yao, nao wakaendelea kuwafundisha wengine yale maneno.

Jambo hili lastahili kuangaliwa na mwenye kuchunguza lugha. Fundi aweza kuwa mkweli kwa mkono na asiwe mkweli kwa ulimi, bila nia ya kudanganya. Maelezo ya fundi juu ya ufundi wake ni ushahidi unaohitaji kupimwa, kama vile maelezo ya msemaji hodari juu ya sarufi ya lugha yake yanavyohitaji kupimwa kwa matamshi yake mwenyewe.

IV. Mwanafunzi Aambiwe Nini?

Kama uchunguzi ungaliishia hapo, mtu angeweza kudhani kuwa mafundisho bora ni kumweleza mwanafunzi elimu hiyo yote: bawaba, njia, uso, robo ya sekunde. Uchunguzi wa namna watu wajifunzavyo umeonyesha kuwa dhana hiyo ina hatari.

Mwaka 1992 Rich Masters alitoa matokeo ya jaribio lililofanywa Uingereza juu ya kuusukuma mpira shimoni. Baadhi ya wanafunzi walipewa kanuni nyingi za kufuata. Wengine walijifunza huku wakishughulishwa na kazi nyingine ya akili, hata wasiweze kujitungia kanuni. Wote walipotiwa katika hali ya wasiwasi, wale wenye kanuni walikwama, na wale wasio na kanuni waliendelea kupata nafuu. Aliyejifunza kwa maneno mengi, apatapo hofu, huyarudia maneno yake na kuanza kuuongoza mwili kipande kwa kipande; na mwili unaoongozwa hivyo hupoteza mtiririko.

Mwaka 1999 Gabriele Wulf na wenzake walitoa jaribio jingine lililo karibu zaidi na lugha. Watu wasioijua gofu walifundishwa pigo fupi la kuurusha mpira kwenye shabaha. Kundi moja liliagizwa kuuangalia kwa akili mwendo wa mikono yao. Kundi la pili liliagizwa kuuangalia mwendo wa fimbo. Mpigo ulikuwa mmoja na mafundisho ya msingi yalikuwa mamoja. Kundi la pili lilikuwa bora wakati wa mazoezi, na lilibaki bora siku iliyofuata walipopimwa bila kukumbushwa. Uchunguzi wa baadaye uliona jambo hilohilo hata kwa wachezaji waliobobea.

Matokeo haya yamejadiliwa na yanaendelea kujadiliwa, kwani majaribio ya watu wachache katika chumba cha chuo hayawezi kuwa sheria ya kila uwanja. Hata hivyo yanatosha kuthibitisha jambo moja, kwamba namna ya kusema ni sehemu ya mafundisho yenyewe. Kubadili nomino moja katika agizo, fimbo badala ya mkono, kulibadili matokeo ya mwili. Kama ndivyo, agizo la mwalimu lafaa kuchunguzwa kwa uangalifu uleule unaotumika kuichunguza fimbo.

V. Agizo kwa Kiswahili

Neno la kwanza la kuchunguzwa ni piga. Kitenzi hiki kina kazi nyingi kuliko maana yake: watu hupiga hodi, hupiga pasi, hupiga mbizi, hupiga simu, na hapana kinachogongwa. Lakini mtu aliyeshika fimbo mbele ya mpira, akiambiwa piga mpira, hukirudia kitenzi katika maana yake ya asili. Nia yake yote huishia kwenye mpira, naye hukaza mikono kwa ajili ya mgongano. Uchunguzi, kama ilivyoelezwa, umeonyesha kuwa mgongano ni kitu kisichotawalika, na kwamba fimbo yapasa kuwa katika mwendo mkubwa inapopita hapo. Pitisha fimbo ni agizo la kweli zaidi, kwa kuwa laufanya mpira kuwa kitu kilicho njiani badala ya kuwa mwisho wa safari.

Jina la mwendo wote nalo lahitaji kuchaguliwa. Bembea haifai, kwa kuwa anayebembea huchukuliwa na chombo, wala hakiongozi. Mzunguko ni jina pana mno. Lugha yenyewe ina jozi iliyo tayari: pigo na mpigo. Pigo, lenye wingi wa mapigo, huhesabika na hueleza tendo lililokwisha. Ndilo la kuhesabia mchezo. Mpigo ni namna ya kupiga, nao huchukua pia maana ya kwenda kwa kipimo, kama mpigo wa moyo au wa ngoma. Mchezaji aweza kuwa na mapigo mengi na mpigo mmoja. Tofauti hiyo imo katika uundaji wa maneno ya Kiswahili, na haikuhitaji kuazimwa.

Katika majina ya viungo kuna mtego. Mkono wa Kiswahili huanzia begani ukaishia kwenye ncha za vidole, na mwalimu asemapo lainisha mkono, mwanafunzi hajui ni sehemu gani. Mbaya zaidi ni kiwiko. Kwa wengi leo ni kiungo cha katikati ya mkono, lakini wapo wasemaji, na zipo kamusi, wanaolitumia neno hilo kwa kiungo kilicho karibu na kiganja. Mfano wa vyuma viwili wategemea bawaba moja tu, na ikiwa mwanafunzi ataikunja bawaba nyingine, mpigo wote utaharibika kwa sababu ya neno. Kifundo cha mkono hakina shaka hiyo na ndicho cha kutumiwa.

Kiuno nacho kina tatizo la namna nyingine. Katika mpigo ni lazima sehemu ya kati ya mwili igeuke, lakini zungusha kiuno ni agizo la ngoma. Kijana anayemfundisha mtu wa makamo, mwanamume au mwanamke, hawezi kulitamka bila ya kuleta kicheko au kuvunja heshima. Nyonga ni neno safi, ila bado huielekeza akili ndani ya mwili. Mkanda ugeukie bendera hulitimiza jambo lilelile kwa adabu, na kwa kukitaja kitu kilicho nje ya mwili, kama jaribio la 1999 linavyoshauri.

Mfano huo wa mwisho waonyesha nguvu ya sarufi ya Kiswahili. Tuchukue maagizo matatu:

Zungusha mkono wako.
Zungusha fimbo.
Fimbo izunguke.

Tofauti iliyopimwa mwaka 1999 ni ya agizo la kwanza na la pili. La tatu ni hatua moja zaidi. Hapo fimbo imekuwa mtenda, kitenzi kimeacha umbo la kusababisha, na mwanafunzi hakutajwa kabisa. Kiswahili hulisema jambo hilo kwa maneno mawili tu, kwa kuwa upatanisho wa ngeli na hali ya tegemezi vimekwisha kuifanya kazi: uso wa fimbo utazame bendera, kichwa cha fimbo kipite, mpira upae. Tena maumbo hayo ni ya heshima kuliko amri tupu. Kumwambia mzee zungusha ni kumwamuru. Kumwambia mzee, fimbo ipite hadi begani, ni kuiamuru fimbo. Ikiwa matokeo yaliyopatikana kwa lugha nyingine yatathibitika kwa Kiswahili, basi adabu ya lugha na faida ya mafundisho zitakuwa zimekutana mahali pamoja. Lakini jambo hilo lingali dhana mpaka lijaribiwe.

VI. Mifano ya Nyanda za Kati

Walimu wa kila nchi hufundisha kwa mifano ya kazi zinazojulikana. Katika nyanda za kati, nchi ya mtama, uwele na mifugo, zipo kazi tatu ambazo mwalimu angeweza kuzikimbilia, nazo hazilingani kwa ukweli.

Ya kwanza ni kulima kwa jembe. Mkulima huinua na kushusha, na mtu asiyefikiri aweza kusema kuwa gofu ni kulima kwa ubavu. Lakini jembe hushuka ili likwame ardhini, na mwendo wa mkulima huishia hapo. Mwanafunzi aliyepewa mfano huu atakata udongo. Ya pili ni kupura mtama. Wapuraji hupiga kwa mpigo wa pamoja, mara nyingi kwa wimbo, na aliyekaza vifundo vya mikono huchoka kabla ya wenzake. Mfano huu hufundisha ulaini na kipimo, lakini fimbo ya mpuraji nayo huishia kwenye masuke. Ya tatu ni kombeo la mtu anayeamia ndege shambani, ambaye katika mikoa ya Dodoma na Singida hupambana na makundi ya kweleakwelea. Mkono wa mrushaji huenda katika duara ndogo na jiwe katika duara kubwa. Mkono ukivuta kwa wakati wake kisha ukatulia, jiwe huondoka kwa mwendo ambao mkono haukuwa nao. Huo ndio mfano wa vyuma viwili, ukiwa katika umbo la kamba na jiwe. Una upungufu mmoja, kwamba kombeo huachia na fimbo haiachiwi.

Mahali penyewe pana lake la kufundisha. Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa sehemu moja ya kumi hivi. Kwa makadirio ya kawaida ya wachezaji, pigo lipelekalo mpira mita 200 Dar es Salaam litaupeleka mita 208 hivi Dodoma, kabla ya kuhesabu kuviringika kwake katika ardhi kavu. Lakini hewa nyepesi hupunguza pia kupinda kwa mpira. Mwanafunzi aliyelelewa nyanda za kati aweza kuamini kuwa mpigo wake umenyoka, akateremka pwani, akauona mpira unapinda kuliko alivyozoea, akaanza kuubadili mpigo ambao haukubadilika. Mwalimu asiyeijua sababu hiyo atamtafutia kosa mwilini, na atalipata, kwa kuwa kosa la mwili halikosekani kwa atafutaye. Mwalimu aijuaye hatahitaji kumwambia neno lolote juu ya hewa; atajua tu wakati wa kunyamaza.

Haifai kudhani kuwa elimu iliyopatikana mahali pengine hufika mahali papya ikiwa kamili. Nyanda za kati zina kumbukumbu yake juu ya jambo hilo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huko Kongwa mradi mkubwa wa kulima karanga, kwa mashine na wataalamu na mamilioni ya pauni, bila ya majaribio ya kutosha juu ya udongo na mvua ya mahali. Udongo ulikuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, mvua haikutii hesabu, na mwaka 1951 mradi uliachwa. Kosa la mwalimu wa gofu halina uzito wa kosa lile. Mwendo wa fikra, hata hivyo, ni mmoja: kanuni iliyothibitika ugenini ikapelekwa shambani bila ya kujaribiwa shambani.

VII. Jaribio Linalofaa Kufanywa

Kutokana na hayo yote, ni dhahiri kuwa uchunguzi uliobaki hauhitaji mitambo ya gharama. Wanafunzi wa Dodoma wasioujua mchezo wangegawanywa katika makundi matatu, wakafundishwa pigo moja kwa idadi moja ya mipira. Kundi la kwanza lingesikia maagizo ya mkono, la pili maagizo ya fimbo, la tatu maagizo ambayo fimbo ndiyo mtenda. Umbali wa kila mpira toka kwenye shabaha ungepimwa kwa kamba. Wanafunzi wangepimwa tena kesho yake bila ya maneno, na mara ya tatu mbele ya watazamaji. Jaribio la pili lingeilinganisha mifano ya jembe, kupura na kombeo. Ingepasa kuandikwa pia lugha ya nyumbani ya kila mwanafunzi, kwa sababu hapana uhakika kuwa agizo la Kiswahili humfikia mwenye Kisandawe, ambacho si lugha ya Kibantu, kwa namna ileile linavyomfikia mwenye Kigogo, ambaye ngeli na upatanisho ni mali yake tangu utotoni.

Hapa kuna faida inayopita mchezo. Fundi wa cherehani, mkunga, dereva na askari wote hufundishwa kazi za mwili kwa maagizo ya Kiswahili, na maagizo hayo hutungwa kila siku bila ya kupimwa. Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu lilipoundwa mwaka 1967, limeshughulika na istilahi za taaluma nyingi, na kazi hiyo imekuwa hasa ya nomino: kitu hiki kiitweje. Mafundisho ya mpigo wa gofu yanaonyesha kuwa nomino hazitoshi. Mwanafunzi hafanyi kazi kwa jina la kitu. Huifanya kwa agizo, na agizo ni kitenzi, mtenda wake na umbo lake. Gofu inafaa kuwa mahali pa kuanzia kwa sababu matokeo yake hupimika papo hapo: mpira huanguka mahali fulani, na umbali wake toka shimoni hauna ubishi.